Viputo si ushahidi: kugeuza hewa ya ukaa kwa umeme ndani ya maji

Dhana: Kathodi (elektrodi hasi) ikitoa viputo, hewa ya ukaa imeshageuka kaboni monoksidi.

Mara nyingi viputo vile ni hidrojeni ya maji yenyewe. Kwenye pH 7, ukipima kwa elektrodi sanifu ya hidrojeni, maji huweza kutoa hidrojeni kuanzia volti −0.41, hewa ya ukaa kuwa kaboni monoksidi hutaka −0.53. Tena maji ni tele, ilhali hewa ya ukaa iliyoyeyuka ni kama milimoli 33 tu kwa lita kwenye nyuzi 25, na kwa joto la Unguja hupungua zaidi.

Basi piga hesabu. Miliampea 10 kwa saa moja ni kulombi 36. Kila molekuli ya kaboni monoksidi hula elektroni mbili, kwa hiyo upeo ni mikromoli 187, yaani mililita 4.6 hivi. Kromatografi ya gesi, mashine ya kutenganisha na kupima gesi, ikisoma mikromoli 94, nusu ya umeme imekwenda kwingine. Kisha rudia jaribio lote kwa gesi ya agoni badala ya hewa ya ukaa. Kaboni monoksidi ikiendelea kutoka kwa wingi uleule, haitoki kwenye hewa ya ukaa. Kuna kitu kinaoza humo ndani.

Dhana: Maji ni maji, hata ya kisima yanafaa.

Chungulia ndani ya birika la nyumbani Unguja. Ule ukoko mweupe ni chokaa ya jiwe la matumbawe tunalolikalia. Karibu na kathodi maji hugeuka alkali, na chokaa hiyohiyo huganda juu ya kichocheo, kile kinachoharakisha mgeuko kwenye kathodi, na kukiziba. Ya bahari ni mabaya zaidi, kwani chumvi yake huweza kutoa klorini kwenye anodi (elektrodi chanya). Tumia maji yaliyoondolewa ayoni, gramu 10 za potasiamu baikaboneti kwa lita, kisha pitisha hewa ya ukaa mpaka pH itulie karibu na 6.8.

Dhana: Kichocheo kilichoiga viumbe kina uhai.

Kinachoigwa ni kiini cha metali tu. Kipo kimeng'enya cha bakteria chenye nikeli na chuma kinachofanya kazi hiyohiyo. Wakemia huweka nikeli katikati ya pete yenye naitrojeni nne, au chuma ndani ya porfirini, pete iliyo jamaa ya hemu, sehemu ya damu inayoshika chuma. Pete ikivunjika, nikeli tupu hujipaka kwenye elektrodi na kutoa hidrojeni. Kama kichocheo kimeyeyushwa majini, suuza elektrodi uitie kwenye myeyusho mpya usio nacho: ikifanya kazi vilevile, anayefanya kazi ni ule utando wa nikeli uliojipaka.

Na kaboni monoksidi haina harufu, nayo hushika chuma cha damu. Mrija wa kutolea gesi upeleke nje ya dirisha kabla hujawasha umeme.