Dini ya dola ni nini? Maelezo kwa wanaobuni dunia zao

Dini ya dola ni dini ambayo dola imeifanya kuwa yake. Inailinda kwa sheria, inaigharamia kwa mali ya umma, na inaitumia kueleza kwa nini anayetawala ndiye anayestahili kutawala.

Wengi wetu tumeijua dhana hii kwa kukanwa kwake. Katiba ya Tanzania ya 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini. Ya Kenya ya 2010, ibara ya 8, inakataa kuwepo kwa dini ya dola. Hakuna anayesoma maneno hayo akadhani Watanzania au Wakenya hawasali. Wanasali sana. Kinachokatazwa ni serikali kuichukua imani moja na kuivisha sare. Hata mahakama za kadhi zinazotambuliwa na katiba hiyohiyo ya Kenya haziufanyi Uislamu kuwa dini ya dola, kwa sababu zinasikiliza mashauri ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu pale tu ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda huko. Uingereza mambo ni tofauti. Mwaka 1534 bunge lilimtangaza Henry VIII kuwa mkuu wa kanisa la nchi yake, na hadi leo mfalme ndiye gavana mkuu wa Kanisa la Uingereza.

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaotunga hadithi za fantasia, kwa maana ninapenda sana kusoma dunia zilizobuniwa na mara nyingi naona dini yake imewekwa kama pambo. Mungu mmoja anapewa jina zuri, alama ya moto au nyota, makuhani wenye majoho meupe, basi. Msomaji haambiwi nani anawalisha makuhani hao, wala mama mwenye mtoto mgonjwa anakimbilia wapi usiku wa manane. Dini ya dola inaishi kwenye maswali hayo.

Kuna mfano halisi unaofundisha kuliko ubunifu wowote. Mnamo 1353 KK hivi, Misri ilipata mfalme kijana, Amenhotep wa Nne. Wakati huo kila mji wa Misri ulikuwa na mungu wake, na kila mungu mkubwa alikuwa na hekalu, mashamba, ng'ombe, ghala na makuhani. Aliyewazidi wote kwa utajiri alikuwa Amun wa Thebes. Kwenye mwaka wa tano wa utawala wake, mfalme huyo aliliacha jina lake, ambalo ndani yake lilikuwa na jina la Amun, akajiita Akhenaten. Akaanzisha mji mpya kwenye uwanda mtupu kando ya Nile, mahali panapoitwa Amarna leo, na kuchonga mawe ya mpaka kwenye majabali kutangaza kwamba ardhi hiyo ni ya Aten, yaani jua lenyewe linaloonekana angani.

Tazama jinsi Aten alivyochorwa. Hana uso wala umbo la mtu au mnyama. Ni duara la jua lenye miale inayoshuka, na kila mwale unaishia na kiganja cha mkono. Viganja hivyo vinasogeza alama ya uhai puani mwa mfalme na malkia wake, Nefertiti. Watumishi na wakubwa waliochorwa pembeni, wameinama, hawapewi alama hiyo. Jina la mungu nalo limeandikwa ndani ya fremu za mviringo, namna yaliyokuwa yakiandikwa majina ya wafalme. Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angeielewa picha hii: uhai unatoka juu, unapitia ikulu, ndipo unakufikia wewe.

Utenzi mrefu wa kumsifu Aten ulichongwa katika kaburi la Ay, mmoja wa wakubwa wa mfalme, na kwangu mimi ndio moyo wa jambo zima. Unamsifu mungu aliyeumba Misri, na Shamu, na Kush iliyo Sudani ya leo. Aliyewapa watu ndimi tofauti na rangi tofauti, akampatia kila mmoja riziki yake. Ni mungu wa wote kabisa. Lakini utenzi huohuo unasema hakuna amjuaye ila mwanawe, mfalme. Mungu ni wa dunia nzima, mlango wa kumfikia ni mmoja, na ufunguo uko ikulu. Anayebuni dini ya dola ya Mungu mmoja akiushika mvutano huo, nusu ya kazi yake imekwisha. Miungu ikiwa mingi, aliyekosana na kuhani mmoja huenda kwa mwingine. Akiwa mmoja, na njia ya kumfikia ikiwa mikononi mwa serikali, kukosana na serikali kunakuwa kukosana na mbingu.

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa. Kuamini kwamba Mungu ni mmoja tu na wengine hawapo, kile ambacho Waislamu hukiita tauhidi, si sawa na kumwabudu mmoja huku ukikubali kuwa wengine wapo. Wataalamu wa Misri wanabishana hadi leo Akhenaten alikuwa upande upi. Tunachokiona kwenye mawe ni kwamba mafundi walitumwa kulifuta jina la Amun kwa patasi, hata pale lilipokuwa ndani ya jina la baba yake mfalme, na sehemu nyingine neno "miungu" kwa wingi likafutwa pia. Amri ya kufuta ni tendo la dola. Imani ya mtu mmoja haihitaji patasi.

Sasa turudi ghalani. Mahekalu ya Aten yalikuwa wazi juu ili jua liingie, na hekalu kubwa la Amarna lilikuwa na mamia ya meza za sadaka. Picha zinaonyesha meza zimefurika mikate, nyama, ndege na maua. Kuanzia 2006 wanaakiolojia walichimba makaburi ya watu wa kawaida wa mji huohuo, na mifupa waliyoikuta ilikuwa ya watu waliokula vibaya na kubeba mizigo mizito, wengi wao wakiwa wamekufa wangali vijana. Nilipoyasoma hayo mara ya kwanza niliziona zile meza kwa macho mengine. Kama unabuni ufalme wenye mungu mmoja wa serikali, chora meza zake, kisha umchore aliyezibeba.

Hata kifo kilibadilishwa. Zamani Mmisri alitarajia kuhukumiwa na Osiris, mungu wa wafu, moyo wake ukipimwa kwenye mizani. Katika makaburi ya wakubwa wa Amarna, Osiris ametoweka. Kuta zimejaa mfalme: mfalme akisali, mfalme akipita na gari la farasi, mfalme akigawa zawadi kutoka dirishani. Matumaini ya marehemu yamefungwa kwa fadhila za aliye hai kwenye kiti cha enzi.

Mfano mwingine nautaja kwa ufupi, kwa kuwa ulidumu kwa ufupi. Mei 1794, katikati ya mapinduzi ya Ufaransa, bunge lilipitisha azimio la Robespierre, mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, kwamba watu wa Ufaransa wanatambua kuwepo kwa Aliye Mkuu na kutokufa kwa roho. Tarehe 8 Juni ikafanywa sikukuu kubwa Paris, ikipangwa na mchoraji Jacques-Louis David, na mlima wa bandia ukajengwa uwanjani. Tarehe 28 Julai Robespierre alikatwa kichwa, na dini yake haikuwa na wa kuitetea. Ilikuwa na sheria, nyimbo na jukwaa, lakini haikuwa imepata nafasi ya kuingia kwenye mazishi na ubatizo wa watu.

Ya Akhenaten nayo haikudumu sana baada ya utawala wake wa miaka 17. Mtoto aliyerithi kiti, Tutankhaten, alibadilishwa jina akawa Tutankhamun, na jiwe lililosimamishwa kwa jina lake linaeleza kwamba mahekalu ya nchi yalikuwa yamebomoka, majani yameota ndani, nyua zake zimekuwa njia za kupita watu, na mtu alipoomba kwa miungu haikumjia. Ni maneno ya washindi, tuyasome kwa tahadhari. Lakini yanaonyesha walichojua kingewagusa watu: hekalu la mji wao limekufa, na pamoja nalo kazi na posho zilizotoka humo. Horemheb, aliyetawala baadaye, aliyabomoa mahekalu ya Aten na kutumia mawe yake kujazia malango makubwa ya hekalu la Amun huko Karnak. Maelfu ya mawe hayo yalisalimika humohumo ndani na picha zake, ndiyo maana tunazijua. Na orodha ya wafalme ya Seti wa Kwanza, mfalme wa baadaye zaidi, huko Abydos inaruka kutoka kwa baba yake Akhenaten moja kwa moja hadi kwa Horemheb.

Kitu ambacho ningependa kila mbunifu akiweke mezani anapoandika kilipatikana ndani ya nyumba za Amarna kwenyewe, chini ya pua ya mfalme. Nyumba za wenye uwezo zilikuwa na mawe ya kusalia yenye picha ya mfalme, malkia na binti zao chini ya miale. Lakini katika nyumba za mji, na katika kijiji cha mafundi waliochonga makaburi, zimekutwa pia hirizi ndogo za Bes, kibeti mwenye sura ya simba anayefukuza mabaya kitandani mwa mzazi, na za Taweret, kiboko mwenye mimba anayewalinda wajawazito. Dola ilikuwa imefika hadi kwenye majina ya wafu. Pale mama alipokuwa akijifungua, waliendelea kuwaita wale waliowazoea.