Mwache Mtoto Aishike Kadi: Dhana Potofu Kuhusu Kurithisha Ukusanyaji wa Kadi za Michezo

Wengi wetu tunaokusanya kadi zenye picha za wachezaji tunatamani watoto wetu waipokee hamu hii tungali hai. Tunachokosea ni pa kuanzia, na chanzo chake ni mambo tuliyoyaamini siku nyingi bila kuyachunguza.

Dhana: Mtoto atavutiwa akijua kwamba kadi ni pesa.

Bei za kustaajabisha zipo. Kadi ya Mickey Mantle, mchezaji wa besiboli, iliyotolewa na kampuni ya Topps mwaka 1952, iliuzwa mnadani kwa dola milioni 12.6 mwaka 2022. Lakini msimulie mtoto kisa chote. Kadi hizo ziliuzwa kwenye pakiti pamoja na chingamu, na fungu la mwisho, lililokuwa na Mantle, lilifika madukani msimu ukielekea ukingoni. Nyingi zikakosa wanunuzi. Sy Berger, mmoja wa waliozibuni, alisimulia kwamba mwaka 1960 mabaki yalipakiwa kwenye tishari yakaenda kumwagwa baharini, karibu na New Jersey. Kampuni iliyozichapisha yenyewe haikujua inatupa nini.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Watu wazima nchini Marekani walinunua kadi kwa makasha na kuzifungia, wakitumaini zitawalipia watoto karo ya chuo. Kampuni nazo zikachapisha bila kiasi. Kwa kuwa kila mtu alizitunza, hazikuadimika, na nyingi hadi leo ni za bei ya chini kabisa. Kwa hiyo umri wa kadi pekee hauleti thamani. Huletwa na uchache wake, hali yake, na watu wanaoitaka. Mtoto uliyemwanzisha kwa bei ataondoka siku bei itakaposhuka, na sioni sababu ya kumlaumu.

Dhana: Watoto wa siku hizi wanataka simu tu.

Simu haimpi mtoto sababu ya kumfuata mwenzake na kumwambia, "Nipe huyo, nikupe hawa wawili." Kadi na stika zinampa. Chukua albamu yenye nafasi 100. Ukinunua stika moja moja, kila moja ikiwa na nafasi sawa ya kutokea, na usibadilishane na mtu yeyote, kwa wastani utahitaji takribani stika 519 ili uijaze. Ile ya mwisho peke yake itakugharimu wastani wa stika 100! Wakiwa wawili wanaobadilishana zilizojirudia, mzigo unapungua mno. Ndiyo maana tangu Panini, kampuni ya stika, ilipotoa albamu yake ya kwanza ya Kombe la Dunia, ile ya Mexico mwaka 1970, kubadilishana kumekuwa nusu ya utamu wenyewe. Mzazi akae karibu mtoto anapobadilishana na mtu mzima, asije akadhulumiwa. Kati ya watoto kwa watoto, mwache apatane mwenyewe, hata kama wewe usingekubali.

Dhana: Kadi haiguswi, inatazamwa.

Kadi za thamani zihifadhiwe, hilo halina mjadala. Kampuni zinazopima ubora hutoa alama hadi 10, zikikagua pembe, kingo, uso, na kama picha imekaa katikati; pembe moja ikikunjika, alama inashuka. Zako ziweke kwenye kasha gumu la plastiki. Yeye mpe rundo lake, kadi za kawaida, azimwage sakafuni na kuzipanga anavyotaka: kwa timu, kwa nchi, hata kwa rangi ya jezi. Azigeuze asome nyuma. Wastani wa .300 kwenye kadi ya besiboli maana yake ni mapigo 3 yaliyofanikiwa katika kila majaribio 10 yanayohesabiwa, na mtoto anayetaka kujua nani amemzidi nani atajifunza desimali bila kusukumwa.

Kupanga si kazi ndogo. Jefferson Burdick alikusanya kadi na karatasi nyingine zilizochapishwa zaidi ya 300,000, akazitoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York. Kuanzia mwaka 1947 hadi 1963 alizipanga na kuzibandika kwenye albamu, huku viungo vya mikono yake vikiharibiwa na baridi yabisi. Ukurasa kwa ukurasa, zote zilipita mikononi mwake.

Dhana: Lazima ampende niliyempenda mimi.

Halazimiki. Zipo kadi za kandanda, kikapu, tenisi na mbio za magari, za wanaume na za wanawake. Akichagua kipa wa akiba ambaye hukuwahi kumsikia, muulize kamwonea wapi, kisha mtafutieni pamoja kadi yake ya msimu wa kwanza.