Ukuta Ulisema Kabla ya Kopo

Jumamosi nilikuwa juu ya ngazi Kinondoni nikichora grafiti ukutani, kopo la rangi ya kupuliza mkononi, mzee mmoja akashuka kwenye bajaji. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha: "Hivi mwanangu, hizi tabia za Kimarekani mnazitoa wapi?" Nyuma yake, ukuta wa jirani ulikuwa umeandikwa NYUMBA HII HAIUZWI, na chini yake USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Hayo wala hakuyatazama.

Swali hilo nimeulizwa hadi basi. Najibu hapa, maana juu ya ngazi siwezi kujibu bila kumwaga rangi.

Kilichotoka Marekani ni chata, yaani mtu kuandika jina lake la kujipa kila ukuta. Kijana aliyejiita Cornbread alitapakaza jina lake Philadelphia mwishoni mwa miaka ya 1960, na huko New York kijana mpeleka vifurushi aliandika Taki 183, 183 ikiwa namba ya mtaa wake, mpaka gazeti la New York Times likamwandika mwaka 1971. Kopo nalo tumelipokea kutoka huko. Sibishi.

Lakini kuchora ukuta? Nenda kwenye magofu ya Kilwa na Gede, utakuta vyombo vya tanga vimekwanguliwa kwenye plasta ya chokaa. Ndani ya Fort Jesus, Mombasa, Wareno waliokuwa ngomeni walijichorea merikebu na watu ukutani, na leo watalii wanalipa kiingilio kuviona. Cha kwetu kinafutwa kwa chokaa kabla Idi haijafika.

Sasa nije kwenye linaloniudhi hasa. Mwenye nyumba anakuambia: "Nichoree twiga, nichoree Mwalimu, ila hayo mazongezonge ya herufi usiniwekee." Watu wanadhani picha ndiyo sanaa, herufi ni uchafu. Jamani, herufi ndiyo kazi yenyewe! Twiga nitamnakili kwenye simu. Herufi huanza na mifupa: A ina miguu miwili na mshipi. Unaupinda mguu mmoja uingie chini ya jirani yake, unautoa mshipi nje uwe mshale, na bado lazima A ibaki A kwa anayejua kuisoma. Ukikosea uzito wa mguu mmoja, neno zima linachechemea. Kivuli, mng'ao, mawingu ya nyuma, hayo ni mapambo tu.

"Mbona hazisomeki?" Khanga unavaa, si ndiyo? Jina la khanga kila mtu analisoma, ila aliyekusudiwa ni mmoja, naye anajijua. Sisi tumegeuza: kila mtu anaona, wanaosoma ni wachache. Fumbo ni lilelile.

Hapo nakiri jambo linalonisumbua. Mwanzoni mwa 2008, Kenya ikiwaka baada ya uchaguzi, mchoraji Solo7 alizunguka mtaa wa Kibera, Nairobi, akiandika maneno ya amani kwenye kuta na mabati. Herufi kavu, bila mshale wala kivuli, na zilifanya kazi ambayo mikunjo yangu yote haijawahi kufanya. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake waliwachora wabunge kama tumbusi katikati ya Nairobi. Huko nako hakuna aliyehitaji kufumbuliwa fumbo. Kwa hiyo kuna usiku najiuliza kama napigania ufundi au ubishi wangu tu.

Na la pili: ruhusa. Ukiwa na barua ya serikali ya mtaa wewe ni msanii, usipokuwa nayo ni mhuni. Kampuni ya simu ikipaka duka zima rangi zake, mpaka jina la muuza duka linabaki dogo kama pipi, hilo ni tangazo, wala hakuna anayelalamika.

Mimi mwenyewe nimelipwa na shirika fulani kuchora mbu na chandarua. Mchoro ulikuja tayari, nami nikaambiwa nijaze rangi. Walipiga picha, wakaondoka, na kwenye ripoti nadhani iliitwa sauti ya jamii. Wiki mbili baadaye watoto waliandika kwa mkaa, juu kabisa ya bawa la mbu: YANGA 5, SIMBA 1. Mwenye nyumba ni Simba wa damu, akanipigia nirudi nifute haraka. Mimi pia ni Simba, inaniuma kila nikipita. Sijafuta.