Koo Linapouma: Nani Apelekwe Hospitali Sasa Hivi?

Ukali wa maumivu si kipimo kizuri. Mafua tu yanaweza kumtoa mtu machozi kila akimeza, kisha baada ya wiki moja koo likapona lenyewe, kwa sababu mara nyingi chanzo ni virusi, na antibaiotiki hazivigusi. Cha kuangalia ni mambo mawili: anapumuaje, na anameza?

Mtoto aliyekaa ameinama mbele, kidevu amekitokeza, udenda unamtiririka kwa kushindwa kumeza mate, na akivuta pumzi unasikika mkwaruzo, apelekwe saa hiyohiyo. Huenda kifuniko cha njia ya hewa kimevimba. Mwache akae anavyotaka. Usimlaze chali, wala usimkandamize ulimi kwa kijiko ili uchungulie; akilia kwa hofu, njia inaweza kuziba kabisa.

Kwa vijana na watu wazima, tunachokihofia zaidi ni jipu kando ya findo, yaani uvimbe wa nyama ulio kila upande nyuma ya kinywa. Maumivu huelemea upande mmoja na kupanda sikioni, mdomo haufunguki vizuri, na sauti huwa ya mtu anayeongea na tonge kinywani. Ukimulika tochi utaona kimio, kile kinyama kinachoning'inia katikati nyuma ya kinywa, kimesukumwa upande wa pili. Jipu hilo kwa kawaida haliishi kwa vidonge peke yake. Usaha hutolewa kwa sindano au kwa kupasua.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, madoa meupe kwenye mafindofindo na tezi za shingo zinazouma, bila kikohozi wala mafua, huelekeza kwa bakteria aina ya streptokoka, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15. Hii si dharura ya usiku, ila apimwe ndani ya siku moja au mbili. Isipotibiwa, wiki 2 au 3 baadaye inaweza kufuatiwa na homa ya rumatiki, inayoharibu valvu za moyo. Ndiyo maana penisilini au amoksilini huandikwa mara nyingi kwa siku 10, nao wagonjwa wengi huiacha siku ya tatu, maumivu yanapokwisha!

Utando wa kijivu kooni unaweza kuwa dondakoo (difteria), ugonjwa hatari wa bakteria: nenda hospitali mara moja. Na anayetumia dawa ya kabimazoli kwa ugonjwa wa tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo, akipata homa na koo kuuma, apimwe chembe nyeupe za damu siku hiyohiyo, kwani dawa hiyo inaweza kuzimaliza.