Taa ya injini ikiwaka: tunayoambiwa garajini na yaliyo kweli

“Skana imesema badilisha kihisi cha oksijeni.” Maneno haya nimeyasikia kwenye magaraji ya Goma mara nyingi mno, na kila nikiyasikia roho inaniuma, kwa sababu skana haisemi hivyo. Ni mashine ndogo inayochomekwa kwenye gari kusoma namba iliyohifadhiwa na kompyuta yake, na namba hiyo inaeleza dalili, haitaji kipuri kilichokufa. P0171, kwa mfano, maana yake ni kwamba mchanganyiko unaochomwa una hewa nyingi kuliko esansi inavyohitaji. Kihisi cha oksijeni, kinachopima moshi unaotoka kwenye injini, ndicho kilichopeleka habari, na mara nyingi ni kizima kabisa. Wahenga walisema mjumbe hauawi; sisi tunamng’oa na kumtupa.

Yalinikuta mwenyewe. Gari langu liliwasha taa ya injini, ile ya njano kwenye dashibodi, baada ya miezi ya kupita juu ya mawe ya volkano mtaani Ndosho. Nilibadilisha kihisi kwa kingine cha mtumba kutoka mtaa wa Birere, taa ikarudi siku ya tatu. Ndipo mzee mmoja fundi akafungua boneti, akashika ule mpira mnene unaotoka kwenye kisanduku cha filta ya hewa kuelekea kwenye injini, akaukunja taratibu kwa mikono miwili. Katikati ya mikunjo yake ukafunguka ufa wa urefu wa kidole, mweusi kwa vumbi. Alipouachia, ufa ukajifunga, usingeuona hata kwa tochi. Hewa ilikuwa inaingilia hapo, baada ya kihisi kinachopima hewa, kwa hiyo kompyuta ilitoa esansi ya ile hewa iliyohesabiwa tu. “Mwanangu, barabara zetu zinatikisa moteri kutwa, na mpira ndio unaoumia,” akaniambia. Mpira ulibadilishwa, na taa haikurudi.

Tangu siku hiyo naomba kuonyeshwa kitu kimoja zaidi kwenye skana: asilimia ya esansi ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikikaa juu ya 10 kwa muda mrefu, kuna tatizo inalojaribu kulifidia. Ikiwa asilimia ni kubwa injini ikinguruma polepole, kisha inashuka ukikanyaga mafuta, tafuta hewa inayovuja karibu na injini. Ikipanda gari likibeba mzigo, angalia pampu na filta ya esansi. Hapo fundi anapima kabla hujatoa hela.

“Ni esansi ya Kadhafi.” Ndugu zetu wanaouza esansi kwa bidoni kando ya barabara, tunaowaita Kadhafi, wanalaumiwa kwa kila taa. Ni kweli kwamba esansi yenye maji inaifanya injini ikohoe. Lakini hilo linapimika: mimina kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yakiwepo yatajitenga chini, kwa kuwa ni mazito kuliko esansi. Chupa ikiwa safi, mwache muuzaji, rudi kwenye namba.

“Toa waya wa batri, itapona.” Hii ndiyo inayonisikitisha kuliko zote. Taa inazima kweli, lakini umefuta namba pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati kosa lilipotokea: joto, mwendo, mzigo. Yaani umemfukuza shahidi kabla hajasema. Kosa likiwa bado lipo, taa itawaka tena. Likitengenezwa sawasawa, kwa kawaida kompyuta huizima yenyewe baada ya safari tatu mfululizo bila kosa.

“Ikiwaka, gari lisisogezwe hata hatua moja,” wanasema wengine, na wapo wanaozunguka nayo mwaka mzima. Tazama inavyowaka. Ya njano iliyotulia, gari likienda vizuri, inakupa muda wa kufika kwa fundi. Inayowaka na kuzimika mfululizo ni habari nyingine: silinda moja haichomi, esansi mbichi inakwenda kuungua ndani ya katalizeri, kifaa cha kusafisha moshi, na kuipasha joto hadi iharibike. Egesha gari. Kama namba ni P0301, yaani silinda ya kwanza, na gari lina bobini (koili inayotengeneza umeme wa cheche) moja kwa kila silinda, mwombe fundi abadilishane bobini ya kwanza na ya pili. Namba ikigeuka P0302, bobini ndiyo mbovu, na mmeijua bila kununua chochote. Isipogeuka, endeleeni na buji, yaani plagi ya cheche. (Taa nyekundu ya oili usiichanganye na hii. Hiyo, zima injini papo hapo.)

Ushauri wa intaneti wa kukaza kifuniko cha tangi taa ikiwaka unawafaa zaidi wenye magari ya soko la Marekani, ambayo hupima mvuke wa esansi unaovuja. Mengi yetu yametoka Japani, na kwa kawaida hayana kipimo hicho.

Mwisho, “taa haiwaki, gari zima.” Ukinunua gari, geuza ufunguo bila kuwasha injini: taa lazima iwake, kisha izime injini ikishika. Isipowaka kabisa, huenda balbu imetolewa au imezibwa kwa karatasi ya gundi. Mwambie muuzaji afungue dashibodi mbele yako kabla hujatoa dola hata moja.