Kukatisha uzi: maana yake, na jinsi ya kujaribu usafi wake

Katika nyuzi za POSIX (kiwango kinachoruhusu programu moja kuendesha kazi kadhaa kwa pamoja, kila kazi ikiitwa uzi), kukatisha uzi ni kuuomba usimame, si kuuua papo hapo. Ombi hutumwa kwa pthread_cancel, na kwa kawaida hungoja mpaka uzi ufike kwenye kituo cha ukatishaji: read, sleep, pthread_cond_wait na nyinginezo. pthread_mutex_lock, inayoshika kufuli (mutex, linalozuia nyuzi mbili kugusa data moja kwa wakati mmoja), si kituo. Kitanzi kisichoisha cha hesabu tupu hakina kituo chochote, kwa hiyo pthread_join, inayongoja uzi umalizike, itasubiri bila kikomo. Ita pthread_testcancel, ambayo ni kituo, ndani ya kitanzi hicho.

Uzi ukikatishwa huku umeshika kufuli, kufuli halijifungui lenyewe. Kulifungua ndiyo kazi ya funksheni za usafi, zinazoitwa uzi unapokatishwa; husajiliwa kwa pthread_cleanup_push na kuondolewa kwa pthread_cleanup_pop. Iliyosajiliwa mwisho huitwa kwanza. Push na pop zikae katika bloku moja, na usitoke kwa return katikati yake. Pop ikipewa 0 huiondoa funksheni bila kuiita. Ikipewa namba nyingine huiondoa na kuiita.

Majaribio mengi huishia kuthibitisha kwamba pthread_join imerudisha PTHREAD_CANCELED. Hilo linaonyesha tu kwamba uzi umekatishwa. Usafi bado haujajulikana. Jaribio la kweli huenda hivi: uzi unashika kufuli, unasajili funksheni ya kulifungua, unatoa ishara kwa sem_post, kisha unangoja kwenye pthread_cond_wait, inayoachia kufuli wakati wa kungoja. Uzi mkuu unapokea ishara kwa sem_wait, unakatisha, unaita pthread_join, halafu unajaribu kushika kufuli bila kungoja kwa pthread_mutex_trylock. Jibu liwe 0. EBUSY maana yake kufuli limeachwa limefungwa, kwa sababu pthread_cond_wait hulishika tena kufuli kabla ya funksheni za usafi kuitwa.

Ishara hiyo ni muhimu. Ukituma ombi mapema mno, na kuna kituo cha ukatishaji kabla ya kushika kufuli, uzi unaweza kukatishwa kabla haujasajili chochote. Kufuli litakuwa huru na jaribio litafaulu bila kupima kitu. Kuweka sleep ya sekunde 1 badala yake ni kubahatisha: mashine ikielemewa, muda huo hautoshi.

Ili kupima mpangilio, sajili funksheni tatu zinazoandika 1, 2 na 3 kwenye safu; baada ya pthread_join isomeke 3, 2, 1. Mwisho, ondoa kwa makusudi ile inayofungua kufuli, uendeshe tena. Usipopata EBUSY, kasoro iko kwenye jaribio lenyewe.