Kuinua Gari Kuukuu la Barabara Mbovu kwa Fedha Kidogo

Swali la kwanza ninalomuuliza mtu anayetaka kuinua gari lake kuukuu la magurudumu manne ni ukubwa wa tairi anazokusudia kufunga, kwa maana hilo ndilo linaloamua kimo, na kimo ndicho kinachoamua gharama. Wengi huanza upande wa pili: hununua kwanza seti ya kuinulia ya sentimita 10 kwa sababu ilikuwa na punguzo, kisha hutafuta tairi za kujaza nafasi iliyobaki juu ya magurudumu. Ikumbukwe kwamba katika gari lenye ekseli nzima, yaani mhimili mmoja unaounganisha magurudumu ya pande mbili, springi ndefu huinua chasisi na bodi tu. Difu, lile bonge la gia lililo katika ekseli, hubaki palepale ilipokuwa, na huinuka kwa tairi kubwa peke yake, tena kwa nusu ya kipenyo kilichoongezeka. Ukitoka tairi ya inchi 29 ukafunga ya inchi 31, difu imepanda inchi 1, yaani kama sentimita 2.5. Kwa magari mengi ya zamani, kuinua sentimita 5 hutosha kabisa kuikaribisha tairi ya namna hiyo, na hapo ndipo ninapomshauri mwenye fedha kidogo akomee.

Kabla ya kununua chochote, pima gari lilivyo sasa. Liegeshe mahali pa tambarare bila mzigo, kisha pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, na ulinganishe na kipimo cha kiwandani. Kipimo cha kutoka ardhini hupotosha, kwani upepo wa tairi na kulika kwake huingia katika hesabu. Gari lililobeba mizigo kwa miaka 20 au 30 huwa limekwisha kukaa chini, mara nyingi upande wa dereva zaidi. Ikiwa springi zimeshuka sentimita 3 nawe ukaweka spesa, yaani kipande cha kujazia nafasi, ya sentimita 5 juu yake, umepata sentimita 2 za ziada na springi iliyochoka vilevile. Kwa gari kama hilo, springi mpya za kimo cha kawaida peke yake huleta badiliko ambalo mwenye gari hakulitarajia.

Njia ya bei nafuu hutegemea aina ya saspensheni, na katika gari moja mbele na nyuma huweza kutofautiana: Jeep Cherokee XJ, ya modeli za 1984 hadi 2001, ina koili (springi za mzunguko) mbele na springi za bapa nyuma. Land Cruiser ya safu ya 80 ina koili pande zote. Pajero za vizazi viwili vya mwanzo hubebwa mbele na tosheni baa, zile nondo ndefu zinazojisokota.

Tosheni baa huvutia kwa sababu kuinua hakuhitaji kununua kitu. Unakaza bolti ya kurekebishia na gari linapanda. Hata hivyo nondo haikuwa ngumu zaidi kwa kukazwa, bali imeanza kazi kutoka mahali pengine tu, na kila sentimita unayopanda unaipunguza katika nafasi ambayo gurudumu lilikuwa nayo ya kushuka linapopita shimoni. Ukizidisha, mkono wa juu hukaa karibu na kizuizi chake cha mpira, kila tuta linagonga, na pembe ya ekseli fupi za mbele inakuwa kali hadi mipira inayofunika sivijointi, yaani viungo vya ekseli hizo, kupasuka. Mimi sivuki sentimita 3 kwa njia hii, na baada yake gari liende kupimwa upangaji wa magurudumu siku hiyohiyo.

Spesa za koili zina kasoro inayofanana na hiyo. Haziongezi ugumu wa springi, na shokapu za zamani zinabaki na urefu ule ule, kwa hiyo gurudumu linapoteremka shokapu hufikia mwisho wake mapema na kugeuka kamba ya kuizuia ekseli, kazi ambayo haikuundiwa. Ukiongeza shokapu ndefu ili kuondoa tatizo hilo, bei imeisogelea seti kamili ya springi na shokapu, na faida ya spesa imekwisha.

Kwenye springi za bapa kuna hila nyingi zaidi. Shakeli, kile kiungo kinachoning'iniza ncha ya springi kwenye chasisi, ikiwa ndefu huinua kwa nusu tu ya urefu ulioongezwa: shakeli iliyozidi sentimita 6 hukupa sentimita 3, na ikiwekwa mbele hugeuza ekseli kidogo na kuuharibu usukani. Bapa moja la kuongeza linamfaa anayebeba mzigo kila siku, lakini gari tupu litarusha abiria. Bloku kati ya ekseli na springi zikubaliwe nyuma peke yake, moja kila upande, isiyo ndefu, kwa sababu kadiri bloku inavyokua ndivyo nguvu ya injini na ya breki inavyoisokota springi. Bloku za mbele, au mbili zilizopandanishwa, siwezi kuzifunga hata mwenye gari akisisitiza. Zikiponyoka unapofunga breki, usukani hauna tena cha kuongoza.

Ukipata uwezo wa kununua springi mpya, uzichague kwa uzito. Springi mbili zinazouzwa kwa jina la sentimita 5 huweza kutofautiana sana kwa ugumu, moja ikiwa ya gari tupu na nyingine ya gari lenye bampa la chuma, winchi na tangi la pili. Hesabu kile ambacho gari hubeba wakati wote, wala si kile unachoota kukibeba katika safari moja ya mwaka. Springi ngumu mno chini ya gari jepesi huinua kupita ilivyoandikwa, na gurudumu huruka juu ya mawe badala ya kuyakanyaga.

Fedha inayobaki iende kwenye shokapu. Ile ya mirija miwili ni nafuu na inamtosha mtu wa kawaida; ya mrija mmoja yenye gesi huhimili joto vizuri zaidi katika mwendo mrefu wa barabara ya matuta madogomadogo, ingawa jiwe likiubonyeza mrija wake wa nje, imekufa. Muhimu kuliko aina ni urefu. Ekseli ikipanda hadi mwisho, mpira wa kizuizi uguse kabla shokapu haijajifunga yote.

Kimo kina madai yake ya pembeni. Fito la Panhard, linaloishika ekseli isiende kando, huivuta ekseli upande mmoja gari linapoinuliwa. Katika magari ya koili yenye mikono mirefu ya mbele, ekseli hujipindua kidogo, usukani ukawa mwepesi na kukataa kurudi wenyewe baada ya kona. Bushi (vile vipande vya mpira kwenye maungio) zenye tundu lisilo katikati hurekebisha hilo kwa bei ndogo. Kagua mipira ya mafuta ya breki gurudumu likining'inia, isivutike. Sehemu inayosahaulika zaidi ni ile valvu ya breki za nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, iliyomo katika Hilux na Land Cruiser nyingi za zamani: gari likipanda, valvu hudhani halina mzigo na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu. Kibati kidogo cha kuirudisha fimbo katika pembe yake ya awali, au kuirekebisha upya, humaliza jambo.

Kuinua bodi juu ya chasisi hutoa nafasi ya tairi bila kugusa saspensheni, lakini hakufai Cherokee XJ, ambayo haina chasisi ya peke yake.

Springi zilizotumika nanunua nikiridhika kwamba hazina ufa. Shokapu zilizotumika sinunui. Yu-bolti, zile bolti za umbo la U zinazoifunga springi kwenye ekseli, ziwe mpya kila zinapofunguliwa. Bushi zikazwe gari likiwa limesimama kwa uzito wake chini, kwa sababu zikikazwa likiwa juu ya jeki zitajisokota na kuchanika mapema. Baada ya kilomita 500 hivi rudia kukaza bolti zote, na kabla ya kusafiri usiku shusha taa za mbele, maana zitakuwa zinawamulika machoni wanaokuja.